Simu ya kwanza ya mtoto: mambo ya kuangalia mbele ya kutoa pesa

Kila mwaka, matokeo ya ENAFEP yakitoka tu, maulizo yanaanza nyumbani. Mtoto amemaliza darasa la sita, mwezi wa tisa anaingia la saba, na mara nyingi masomo mapya ni mbali kuliko ya zamani. Wenzake wako na telefone. Mwalimu anatuma devuari kwenye grupu ya WhatsApp. Mama anawaza mvua, anawaza barabara, anawaza ile siku risasi zilisikika na mtoto alikuwa bado njiani. Basi baba anaingia butiki moja pale Birere, ao Nyawera, ao karibu na soko ya Butembo, anaonyeshwa telefone kumi na tano zenye kung'aa, na muuzaji anamwambia: «Chukua hii, baba, iko na 256.»

Ile «256» ndiyo ilinisukuma kuandika makala hii. Mtoto wa dada yangu alinunuliwa simu ya namna hiyo kwa dola 75, boksi ikiwa bado na plastiki yake. Kisha juma tatu, picha zikaanza kupotea. Video inarekodiwa leo, kesho haifunguki. Tukaipeleka kwa fundi. Akaiunganisha na mutambo wake, akacheka kidogo, akasema: «Hii iko na 8 tu. Ile ingine yote ni maandiko.»

Alitueleza namna inavyofanyika. Anayetengeneza simu ya bandia anabadilisha programu ya ndani ili ionyeshe namba kubwa: 256 ya nafasi, Android ya mwisho, kila kitu kizuri. Lakini chombo chenyewe cha kuweka vitu ni kidogo. Nafasi ya kweli ikijaa, vitu vipya vinakosa pa kukaa, ao vinaandikwa juu ya vile vya zamani. Dada yangu alirudi kwa butiki, akaambiwa mtoto ndiye aliiharibu. Dola 75 zilikuwa karibu faida yake ya mwezi mzima kwenye meza ya samaki.

Kwa hiyo, ndugu wazazi, tuongee polepole.

Kwanza kazi, kiisha ndipo marke

Mzazi akituuliza «Nichukue marke gani?», sisi tunamrudishia ulizo lingine: mtoto atafanya nayo nini? Jibu la wengi, ukilisukuma kidogo, ni hili: nataka nijue amefika, na yeye aweze kuniita kukiwa na tatizo. Kama ni hivyo tu, hauhitaji Android. Unahitaji simu ndogo ya vibonyezo, ile yenye tochi juu.

Najua watoto wanaionea haya. Lakini angalieni inachofanya. Batri inakaa siku nyingi, na kwenye kartie ambazo umeme unakuja usiku mmoja na kupotea siku tatu, hiyo ni kitu kikubwa. Kijijini, pahali watu wanalipa ili kutia chaji kwenye nyumba yenye paneli ya jua, ni pesa inayobaki mfukoni. Inashika hata pahali mtandao ni dhaifu. Mwizi haitaki. Haina TikTok, haina picha za watu waliokufa zinazozunguka kwenye magrupu, na kwenye barieri hakuna mtu atakayepitisha kidole ndani yake kutafuta kitu. Kwa mtoto wa miaka kumi na moja ao kumi na mbili anayetembea kilometa mbili kwenda masomo, mimi ningechukua hiyo bila kusita.

Jambo moja tu la kuangalia. Kuna simu za vibonyezo zinazouzwa kwa bei ya juu kidogo, muuzaji akisema «hii inaingiza WhatsApp». Nyingi zinatumia programu inayoitwa KaiOS. Tangu mwezi wa sita mwaka 2024, WhatsApp haianzishwi tena kwenye simu mpya za namna hiyo. Usilipe dola za ziada juu ya kitu kilichokwisha kufungwa.

Na masomo? Hapa wazazi wengi wanajifunga wenyewe. Devuari ikitumwa kwenye grupu, haimaanishi kila mtoto awe na Android yake. Inatosha nyumba iwe na moja. Mama mmoja wa Kadutu, mwenye watoto wanne, alinieleza namna yake: «Telefone iko ya nyumba. Iko inalala kwa chumba yangu. Kisha kula, kila mtoto iko na wakati wake, anaandika devuari kwa kaye, anarudisha.» Grupu ya masomo iko kwenye namba yake yeye, si ya watoto. Walimu wanajua hivyo. Mimi naona hakuna mpango mzuri kuliko huo kwa watoto wa darasa la saba na la nane. Simu bora ya mtoto inaweza kuwa ile simu nzuri kidogo ya mama.

Android yake mwenyewe, tuseme akiwa kwenye humanite, akiwa na miaka 14 ao 15 na amekwisha kuonyesha kwamba anaweza kutunza kitu. WhatsApp, Facebook na TikTok zenyewe zinaandika kwamba mtu hafungui konti mbele ya miaka 13. Na sheria ya inchi yetu ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inasema mtoto ni kila mtu ambaye hajafika miaka 18. Maana yake, hata akiwa na telefone yake, ninyi wazazi mungali mnawajibika.

Sasa, Android gani?

Tuseme mmeamua. Pesa ni kati ya dola 70 na 100, maana hapo ndipo wazazi wengi wanaotuandikia wanakomea. Kwenye bei hiyo mtakuta zaidi itel, Tecno na Infinix, ambazo zote tatu ni za kampuni moja ya China inayoitwa Transsion, pamoja na Samsung na Xiaomi za chini kabisa. Sitawaambia chukueni hii, acheni ile. Tofauti kati ya marke hizo ni ndogo kuliko tofauti kati ya simu ya kweli na ya bandia.

Nafasi: 64 GB ni vizuri. 32 inatumika, lakini Android yenyewe inakula sehemu kubwa mbele mtoto hajaweka hata wimbo mmoja, na WhatsApp inamaliza kinachobaki. Simu mpya inayoonyesha 256 kwa dola 75, mkimbie. Kwa bei ile, simu ya kweli inakuja na 32 ao 64, na 128 ukibahatika.

Kisha kuna RAM. Siongei juu ya ile taxe iliyokuwa inakata unite zetu tangu 2020 na ambayo serkali iliondoa mwaka 2022. Watu bado wakisikia jina hilo wanakunja uso, na wako na haki. RAM ninayoongea hapa ni nguvu ya simu ya kufanya kazi mbili tatu pamoja bila kukwama. Kwa mtoto, 3 ao 4 GB inatosha. Siku hizi kwenye boksi wanaandika 8 kwa herufi kubwa, na chini yake, kwa herufi ndogo sana, 4+4. Someni ile ndogo. Nne ya kwanza ndiyo ya kweli. Nne ya pili imekopwa kwenye nafasi ya kuwekea picha, na haina mwendo kama ile ya kwanza. Kama simu iko na GB 2 tu, muulize kama ni Android Go, ile ambayo Google ilitengeneza juu ya simu ndogo. Android ya kawaida juu ya GB 2 itamfanya mtoto agonge kioo kwa hasira.

Batri ya 5000 ni ya kawaida sasa, musikubali chini sana ya hapo. Na muangalie kama kuna tundu la ekuta, ile ya mviringo. Siyo kwa sababu sisi ni redio, ao pengine ni kidogo kwa sababu hiyo: simu nyingi za bei ya chini ziko na redio FM ndani, na waya wa ekuta ndio antena yake. Siku mtandao umekatwa mujini, na hapa kwetu siku hizo tunazijua, redio inaendelea kuongea bila mega hata moja.

Pale kwenye kaunta

Hii ndiyo sehemu ya maana. Musione haya, muuzaji akikasirika muondoke.

Bonyezeni *#06#. Zitatokea namba za tarakimu kumi na tano zinazoitwa IMEI, mbili kama simu inaingiza kadi SIM mbili. Linganisheni na zile za kwenye boksi, tarakimu kwa tarakimu. Zisipofanana, boksi si ya simu ile. Zikifanana, ziandikeni kwenye kaye nyumbani pamoja na karatasi ya kununua. Siku simu imeibiwa, mtaweza kueleza simu gani inatafutwa, badala ya kusema «ilikuwa nyeusi».

Fungueni Play Store, gusa picha ya konti juu kabisa, ingia kwenye «Paramètres», kisha «À propos». Chini inaandika kama chombo kimethibitishwa ao hapana. Simu za bandia nyingi zinaangukia hapo. Inahitaji intaneti, kwa hiyo mwende na mega kidogo kwenye simu yenu ili muwashirikishie.

Tieni kadi SIM yenu, si ya muuzaji. Piga simu, sikiliza sauti, fungua ukurasa mmoja wa intaneti. Simu zinazotoka Marekani mara nyingine zimefungwa kwa kampuni moja ya kule, na kadi ya hapa haishiki. Kama munaishi nje ya muji, kumbukeni kwamba simu inayoshika 4G mbele ya butiki inaweza kurudi kwenye 2G kule kwenu, na kosa halitakuwa la simu.

Kwa simu ya okazioni kuna mtego wa zaidi. Mwenye simu wa zamani aliweka konti yake ya Google ndani. Mtu akiifuta kwa njia ya haraka bila kuondoa konti, simu inawaka, halafu inaomba neno la siri la yule mtu. Hapo mumenunua jiwe. Basi mwambieni muuzaji aondoe konti mbele yenu, aifute yote, aiwashe tena mpaka ifike kwenye kioo cha kwanza bila kuomba konti ya mtu mwingine. Inachukua dakika kumi. Kuna pia zile za mkopo: Kenya na Uganda ziko kampuni zinazouza simu kwa kulipa kidogo kidogo, na mteja asipolipa wanaifunga kutoka mbali. Ikivuka mpaka na kuuzwa huku kwa bei ya kirafiki, itafungwa ikiwa mkononi mwa mtoto wenu. Bei ya chini sana juu ya simu safi iko na sababu yake.

Geuzeni simu pia, muangalie mgongo. Kama umeinuka, ao kioo kinataka kuachana na mwili, batri imevimba. Hiyo haitengenezwi kwa gundi. Inaweza kuwaka moto.

Magaribi ya kwanza nyumbani

Simu isiingie mkononi mwa mtoto siku hiyo hiyo. Ikae na mzazi usiku mmoja. Kama mzazi hajui mambo hayo, amwite shangazi ao kaka mkubwa anayejua, si aibu.

Google iko na programu ya bure inayoitwa Family Link. Mzazi anaiweka kwenye simu yake, anamfungulia mtoto konti kwa jina lake na mwaka wake wa kweli wa kuzaliwa. Kisha hapo mtoto akitaka kuingiza programu mpya, ombi linakuja kwa mzazi. Mzazi anaweza kuweka saa ya kufunga, tuseme saa mbili ya usiku, na anaweza kuona simu iko wapi ikiwa imewashwa na ina intaneti. Haisomi ujumbe wa mtoto, na mimi naona hivyo ni vizuri. Ubaya wake ni kwamba simu zote mbili zinahitaji mega mara kwa mara. Familia isiyo na mega kila siku, Family Link itawaacha njiani. Kwao ile namna ya mama wa Kadutu, simu kulala chumba cha mzazi, inafanya kazi nzuri zaidi na hailipishwi kitu.

Mwaka wa kuzaliwa, nirudilie hapo. Watoto wanaandika 2000 ili wakubaliwe haraka, na wazazi wengine wanawasaidia. TikTok, kwa mfano, inafunga ujumbe wa pembeni kwa mwenye chini ya miaka 16. Ukimwandikia mtoto wako wa miaka 14 kwamba ana 25, umemfungulia mlango huo mwenyewe, na wanaume wazima wanaotafuta wasichana wadogo wanajua kubisha.

Kwenye WhatsApp fanyeni mambo mawili. Katika faragha, wekeni kwamba ni watu anaowajua tu wanaoweza kumtia kwenye grupu. Na muzime ile ya kupakua picha na video zenyewe. Inakula mega, ndiyo, lakini sababu kubwa ni nyingine. Katika magrupu yetu ya Mashariki, picha za mapigano, za maiti, za watu wenye silaha zinatupwa bila mtu kuuliza zinatoka wapi, nyingi zikiwa za mwaka mwingine ao za inchi ingine. Zikijipakua, zinakaa ndani ya simu ya mtoto ambaye hakuziomba. Siku moja anasimamishwa njiani, mtu anaomba simu, anafungua picha. Mtoto ataeleza nini? Kijana mmoja wa Uvira aliniambia: «Mimi sikutuma ata kitu. Ilikuwa kwa grupu ya balle.» Mzazi na mtoto wakae pamoja mara moja kwa juma, wafute. Na mtoto ajue kwamba hapigi picha ya mwanajeshi, ya barieri, ya kambi, hata kwa mchezo.

Kadi SIM, kwa kuwa mtoto hana kadi ya uchaguzi, itaandikishwa kwa jina la mzazi. Basi kinachofanyika kwenye namba ile, kinafanyika kwa jina lako. Juu ya namba hiyo inaweza kufunguliwa M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money. Neno la siri la pesa libaki na mzazi, na mtoto aambiwe mapema kwamba mtu akimpigia na kusema «nimetuma pesa kwa kosa, nisomee ile kode uliyopokea», anakata simu na kuja kusema. Aje kusema bila kuogopa. Tumesikia watoto waliotishwa na mtu juu ya picha yao, wakanyamaza miezi kwa sababu walijua fimbo iko inawangojea nyumbani, na yule mtu akaendelea.

Jambo la mwisho halihusu simu ya bei yoyote. Mwezi wa kwanza 2025, mapigano yalipoingia Goma, watoto wengi walijikuta upande mmoja na wazazi upande mwingine, na simu zilizimika batri ao zilinyang'anywa. Namba zote zilikuwa ndani ya simu. Mfundisheni mtoto namba mbili kwa kichwa, ya mama na ya jamaa mmoja anayeishi muji mwingine, na ziandikwe kwa biki ndani ya jalada la kaye yake. Mtoto wa dada yangu sasa iko na simu ya vibonyezo ya dola 12. Namba za watu wanne anazisema mbio kuliko mimi.